Shingadi Unavaa, Mdomo Unauacha Wazi: Soma Hii Kabla Meno Zako Zibaki Uwanjani

Sema ukweli. Kabla ya mechi ya mtaa unasaka shingadi kila mahali, unaomba soksi, unaazima hata njumu za msee mwenye mguu kubwa kukuliko. Sheria za soka zinasema shingadi ni lazima, na refa serious akikupata bila anakutoa nje. Lakini mdomo? Hiyo unaingia nayo uwanjani vile mathe alikuzaa.

Sasa cheki hii hesabu. Mfupa wa mguu ukivunjika unafungwa plasta, unangoja wiki kadhaa, unaungana. Jino haiungani. Ikikatika kipande, haimei tena. Ile ya utoto iling'oka ukapata ingine, lakini hii uko nayo sasa ndio ya mwisho. Hakuna sabu kwa benchi.

Kwa nini ni zile za mbele

Meno zenye huumia sana ni zile mbili kubwa za mbele, juu. Ndizo hupokea kila kitu: kiwiko mkipigania ribaundi, kichwa cha beki wakati wa kona, fimbo ya hoki, goti kwa raga. Kama zako zimetokeza kidogo ni noma zaidi, juu mdomo hauzifuniki poa.

Na usidhani hii ni stori ya raga na ndondi pekee. Kwa basketi watu wanaruka na viwiko juu, na usoni hakuna kitu wamevaa.

Hii kinga inafanya kazi aje

Kinga ya meno, ama mauthgadi vile utaitisha dukani, ni ile kitu laini unaona bondia akitemea kocha wake kwa kona. Ilianzia huko kwa ndondi. Karibu mwaka wa 1890, daktari wa meno wa London anaitwa Woolf Krause alikuwa anawekea mabondia vipande vya utomvu mgumu wa mti juu ya meno kabla wapande ulingoni. Leo bondia bila kinga hapigani. Stephen Curry wa NBA umemwona akitafuna yake katikati ya mechi. Na tangu 2024, raga ya kiwango cha juu duniani inatumia zenye sensa ndani, za kupima vile kichwa kimegongwa.

Ukipigwa mdomoni, ile nguvu haiishii kwa jino moja. Kinga inaisambaza. Pia inazuia meno za chini kugongana na za juu, na inakuokoa usijikate ulimi na midomo. Lakini usidanganywe: haiwezi kukuhakikishia ubongo hautatikisika. Ukigongwa kichwa uone giza, toka nje, kinga ama hakuna kinga.

Ziko aina tatu

Ya kwanza unanunua na kuvaa hivyo tu. Ni ya bei ya chini, lakini haishiki vizuri, na lazima uume ndio isianguke.

Ya pili unaitia kwa maji moto vile pakiti inasema, unaiuma, unaifinya na vidole na ulimi mpaka ichukue shepu ya meno zako. Kwa wasee wengi hii iko sawa.

Ya tatu unatengenezewa na daktari wa meno akishachukua muundo wa mdomo wako. Ndio fiti zaidi, na ndio ghali zaidi. Kama uko na zile waya za kunyoosha meno, ongea na daktari kwanza kabla ununue yoyote.

Jaribu hivi: fungua mdomo. Ikianguka, haikutoshi. Unafaa kuongea na kupumua nayo bila stress. Ioshe na maji baridi na sabuni, usiiache kwa jua, na usishare na mtu, hata kama ni beshte yako wa damu.

Jino ikitoka mzima, saa inaanza kuhesabu

Juu ya mzizi wa jino kuna chembe hai za kuishikilia kwa mfupa. Zikikauka, zinakufa. Nusu saa ya kwanza ndio ya maana sana. Fanya hivi:

1. Kama mwenye ameumia amezimia ama anatapika, sahau jino. Hospitali kwanza.
2. Tafuta jino. Ishike upande ule mweupe wa kutafunia, usiguse mzizi.
3. Kama iko na mchanga, isuuze kidogo tu na maji baridi ama maziwa. Usisugue.
4. Irudishe kwa shimo yake, ikiangalia mbele vile ilikuwa, halafu auma kitambaa safi.
5. Ikishindikana, tuma mtu kiosk mbio alete maziwa ya pakiti. Ya kawaida, sio mala. Tia jino ndani. Maziwa hakuna? Mwenye jino ateme mate kwa kikombe, jino iingie hapo. Usiifunge kwa tishu, na usiiache ikae kwa maji.
6. Enda kwa daktari wa meno saa hiyo hiyo. Kama ilianguka kwa udongo, uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Kama ni mtoto na ni jino la utoto, usirudishe, unaeza haribu ile inakuja chini yake. Na kama ni kipande tu imekatika, beba. Mara nyingine daktari anaeza kuibandika.

Mbona ujali ukiwa na miaka kumi na sita

Juu ukipoteza jino ukiwa bado unakua, ile ya bandia ya kuchomekwa kwa mfupa kwa kawaida inangoja mpaka taya imalize kukua. Msee wa fomu two anaeza kaa miaka na ile ya kuvaa na kutoa, na kila hatua ni doh ya mzazi.

Kapteni, hii ni yako: timu ikichanga pesa ya jezi, ongezeni ya kinga. Na kwa begi ya mipira weka pakiti moja ya maziwa ile haihitaji friji. Siku jino ya mtu itaangukia nyasi, hamtakuwa na muda wa kutafuta kiosk iko wazi.