Paka wa Louis Wain: Kuchora Mnyama wa Nyumbani kwa Rangi

Mgonjwa anayeuguzwa kwa muda mrefu huhitaji, pamoja na dawa, jambo la kuyashughulisha macho, mikono na fikra zake. Kumchora kwa rangi paka au mbwa wa nyumbani ni mojawapo ya shughuli zinazofaa. Historia ya mchoraji Mwingereza Louis Wain yaonyesha faida yake, na pia kosa ambalo wahudumu wa afya hawana budi kujiepusha nalo.

Wain alizaliwa London mwaka 1860. Mwaka 1884 alimwoa Emily Richardson, ambaye muda si mrefu aliugua saratani ya matiti. Nyumbani mwao alikuwamo paka mweusi mwenye mabaka meupe, aitwaye Peter. Wain alimchora paka huyo mara kwa mara ili kumliwaza mkewe. Emily alifariki mwaka 1887. Mumewe aliendelea na kazi hiyo, na paka wake wakampatia umaarufu mkubwa nchini Uingereza.

Uzeeni Wain mwenyewe aliugua maradhi ya akili. Mwaka 1924 alilazwa katika wodi ya mafukara, na mwaka uliofuata, baada ya watu mashuhuri kumtetea, alihamishiwa hospitali ya Bethlem. Hakuacha kuchora. Alifariki mwaka 1939.

Mwaka huohuo daktari wa magonjwa ya akili, Walter Maclay, alipata picha nane za Wain. Alizipanga kuanzia paka wa kawaida hadi maumbo ya rangi kali ambamo paka hatambulikani kwa urahisi, kana kwamba ni hatua za skizofrenia. Mpangilio huo uliingia katika vitabu vya kufundishia. Lakini picha zile hazikuwa na tarehe, na hata hospitalini Wain aliendelea kuchora paka wa kawaida.

Namna ya kuanza

Anayejifunza ahitaji karatasi nene, penseli ya kawaida na penseli chache za rangi. Aanze kwa mistari hafifu ya umbo la kichwa, kisha apime kwa jicho nafasi kati ya macho, pua na masikio. Rangi nyepesi hutangulia, nzito hufuata, tabaka juu ya tabaka, mistari ikielekea yanakoelekea manyoya. Nukta ya mwanga ndani ya jicho iachwe nyeupe, kwani ndiyo ilipayo jicho uhai.

Kwa aliyedhoofika vidole baada ya kiharusi, penseli izungushiwe kitambaa ili iwe nene, na karatasi ibandikwe mezani isiteleze. Mwenye pumu inayochochewa na manyoya atumie picha ya kamera.

Wajibu wa mhudumu

Mchoro usitumiwe peke yake kuthibitisha ugonjwa. Paka wa zambarau huenda ametokana tu na penseli zilizosalia kwenye boksi. Mgonjwa wa kiharusi anayeacha upande mmoja wa uso wa paka bila kuuchora achunguzwe kwa vipimo stahiki, si kuhukumiwa kwa picha.

Kwanza mgonjwa aulizwe mnyama huyo anaitwa nani, na ni nani anayemlisha sasa. Mara nyingine wasiwasi unaomkosesha usingizi wodini umo katika jibu hilo.