Likizo ya Mfanyakazi Apatwapo na Shida

Mwanafunzi akisikia neno likizo hufikiri siku ile ya kufunga shule, masanduku yakitolewa bwenini na kila mtu akishika njia ya kwao. Kwa mtu aliyeajiriwa sivyo. Yeye hafungiwi kazi; huomba ruhusa, na siku zake huhesabiwa. Kwa kuwa wengi wetu tutaajiriwa baada ya masomo, na baadhi ya wazazi wetu wameajiriwa sasa, yafaa tujue hesabu hiyo inavyokwenda. Nitakayoyaeleza ni ya Tanzania Bara, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria yao.

Kwanza kuna likizo ya mwaka, nayo ni siku 28 mfululizo zenye mshahara kwa kila miezi 12 ya kazi. Sikukuu zikiangukia katikati, nazo zimo katika hesabu. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa kawaida bado hana haki ya likizo yenye malipo.

Mfanyakazi mwenyewe akiugua, anazo siku 126 katika kila miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 za pili hulipwa nusu. Lakini ni lazima alete cheti cha daktari, maana asipokileta mwajiri halazimiki kumlipa. Watu wengi hulala nyumbani wakinywa dawa za dukani, wakipona hurudi kazini mikono mitupu, kisha hushangaa mshahara ukipungua.

Mama mjamzito hupata siku 84 zenye mshahara, au 100 akijifungua pacha. Yampasa amwarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla ya siku anayotazamia kujifungua, pamoja na cheti. Akirudi kazini anayo haki ya kwenda kumnyonyesha mtoto saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama aliyejifungua kabla ya wakati aongezewe muda. Baba naye ana siku 3, ila azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa.

Sasa tufike kwenye jambo linaloleta machozi, yaani shida za jamaa. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye mshahara mtoto wake akiugua au akifariki, au akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu. Neno ndugu hapa lisitudanganye. Sisi humwita ndugu hata mtu wa kijiji kimoja, bali sheria inamtaja kaka au dada tu. Mjomba, shangazi na mkwe hawamo.

Tena siku hizo 4 si za kila msiba, ni za miezi 36 yote kwa jumla. Tuchukue mfano wa mtu afanyaye kazi Dar es Salaam, na kwao ni Kigoma, safari ya reli ipitayo kilometa 1,200. Mwaka wa kwanza mtoto wake akaugua, akatumia siku 2 kumwuguza. Mwaka wa pili akafiwa na babu, akatumia 2 nyingine. Mwaka wa tatu akifiwa na mama yake mzazi, mwajiri afuataye sheria bila kuongeza kitu hadaiwi hata siku moja yenye mshahara. Aweza kumruhusu, lakini bila malipo.

Msomaji makini ataona jambo lingine. Mtoto ametajwa kwa ugonjwa na kwa kifo, bali mzazi ametajwa kwa kifo tu. Maana yake mfanyakazi hupewa siku za kumzika mama yake, lakini hapewi za kumwuguza. Kwa maoni yangu hapo sheria imepungua, maana mgonjwa ndiye mwenye haja na mtu wa kumpeleka hospitali.

Basi afanyeje mtu ambaye mzazi wake yu kitandani? Aombe sehemu ya likizo yake ya mwaka, au ruhusa isiyo na malipo, na aombe kwa barua, abaki na nakala. Asiondoke kimyakimya. Kanuni za mwaka 2007 zinahesabu kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu ya kukubalika, kuwa kosa kubwa liwezalo kumfukuzisha mtu. Kadhalika atazame mkataba wake, au amwulize kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Siku zilizotajwa na sheria ni kiwango cha chini, wala mwajiri hakukatazwa kutoa zaidi, na mahali pengine mapatano ya chama na mwajiri yameziongeza.