Linda Tela Lako Lisikokotwe na Mwingine

Mwizi wa gari hana budi kuliwasha kwanza, na ngurumo ya injini huenda ikamwamsha mwenyewe. Tela halimpi mwizi taabu hiyo. Halina injini, halina usukani, wala halina ufunguo. Tena matufe mengi ya chuma yanayofungwa nyuma ya magari ili kukokotea matela madogo yana upana wa aina moja, milimita 50. Maana yake ni kwamba tela linaloshikana na gari lako litashikana vilevile na gari la mwizi. Akikwisha kulifunga, huondoka kama mtu aendaye kazini, na hakuna atakayemshuku.

Jambo hili linazihusu sana familia za askari na polisi wa Uganda. Mara nyingi tela dogo la kubebea mahema na viti vya arusi, au lile la kulala safarini lenye vitanda na jiko, limenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi au kwa kiinua mgongo. Baba akipelekwa kazini mbali, tela hubaki uani, na mama pamoja na watoto ndio walinzi wake. Kwa hiyo yafuatayo yapasa kujulikana na wote nyumbani, si na baba peke yake.

Funga mahali panaposhikwa

Anza na kikombe cha chuma kilicho mwishoni mwa mkono wa tela, ambacho hukaa juu ya tufe la gari. Yako makufuli yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yanayokiziba kikombe kisipokee tufe. Lifunge kila unapolitenga tela na gari, hata kama ni kwa saa moja. Tela likiwa limeunganishwa na gari, tia kufuli katika kishikio cha kikombe, kwani limepata kutokea kwa wengi kwamba msafiri anakula hotelini huku nyuma yake tela linafunguliwa.

Ukitumia mnyororo, uwe wa chuma kigumu, nao upite katika fremu na magurudumu, kisha ufungwe kwenye nguzo iliyosimikwa kwa saruji. Usiuache ukalala chini. Mnyororo ulio juu ya ardhi hupata mahali pa kuegemea, na mwizi huupiga nyundo au hukanyaga mkasi wa kukatia chuma kwa uzito wake wote. Ukazwe, uning'inie juu. Kufuli nalo liwe lile ambalo upinde wake umefichwa ndani ya mwili wake.

Magurudumu na mahali pa kuegesha

Mkono wa tela uelekee ukutani, si barabarani. Mwizi atalazimika kuligeuza kwanza, na kazi hiyo ina kelele. Magurudumu yatiwe pingu za chuma za kuyazuia yasizunguke. Iwapo tela halitatumika kwa miezi kadhaa, ondoa magurudumu kabisa uyaweke ndani ya nyumba. Lakini liketishe juu ya stendi za chuma zilizo imara, wala si juu ya matofali ambayo hupasuka, na watoto wasiruhusiwe kucheza chini yake.

Kwa tela la kulala, toa mtungi wa gesi, godoro na redio, kisha acha mapazia wazi ili aonaye aone kuwa ndani hamna kitu. Pazia lililofungwa humtia mwizi tamaa.

Alama na karatasi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nchini Uingereza, ambako familia nyingi huenda likizo na matela ya kulala, ulianzishwa mwaka 1992 mpango wa kuyaandikisha uitwao CRiS. Kila tela lina namba yake yenye alama 17, nayo huchongwa kwenye fremu na pia kwenye vioo vya madirisha. Mwizi akitaka kuificha hana budi kubadili vioo vyote.

Nasi twaweza kufanya mfano wa hayo kwa gharama ndogo. Mwombe fundi wa kuchomelea akuandikie herufi za jina lako mahali pawili katika fremu, pamoja paonekane, pengine pajulikane na wewe peke yako. Namba ya kiwanda isiguswe. Iandike namba hiyo katika daftari, piga picha za tela pande zote, na uzipige pia zile kasoro zake: bati lililobonyea, taa iliyobadilishwa. Karatasi zikae nyumbani, kamwe zisikae ndani ya tela. Sheria ya Trafiki na Usalama wa Barabarani ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1998, inayataja matela pamoja na magari katika vyombo vinavyopaswa kuandikishwa. Hati ya uandikishaji ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Likiibwa

Usipoteze saa nyingi ukilitafuta peke yako. Nenda kituo cha polisi mara moja na daftari lako, kisha mwarifu mwenyekiti wa LC 1 na majirani. Askari wa kizuizini hawezi kulitambua tela kwa kuambiwa tu kuwa ni la rangi ya kijivu. Akipewa namba na alama ya siri, aweza kulizuia.

Na wewe unayetaka kununua, usivutwe na bei ya chini. Linganisha namba iliyo katika hati na ile iliyo katika fremu, na upapase kwa kidole uone kama chuma kimesuguliwa. Kupokea mali huku ukijua kuwa imeibwa ni kosa la jinai, na hata asiyejua huweza kupoteza fedha zake na tela pia. Wanunuzi wakikataa matela yasiyo na karatasi, mwizi atakuwa amekokota mzigo usio na soko.