Barua Mbili za Chuo: Kamati Iulize Nini?

Kijana wa fasihi akileta barua mbili za kukubaliwa na vyuo vya Marekani, kamati isikimbilie jina la chuo. Iulize kwanza: ada imefutwa? Posho ni ya miaka mingapi? Udaktari wa fasihi huko huchukua miaka mitano au zaidi, na wengi hulipwa posho kwa kufundisha. Shahada ya uzamili mara nyingi haina ufadhili. Hapo ndipo michango humezwa. Na msimamizi je, akistaafu, yupo mwingine? Wala kijana asiharakishwe. Vyuo vilivyotia saini azimio la Baraza la Shule za Uzamili humpa hadi tarehe 15 Aprili kujibu kuhusu ufadhili. Ila nafasi asiyoitaka aikatae mapema, kuna mwenzake anayeisubiri.