Unataka Nissan Leaf ya mtumba? Angalia mwaka na betri kwanza

Kama uko Njoro, Moshi, na unawaza kuagiza Nissan Leaf iliyotumika, usiangalie rangi tu. Leaf za kwanza, za Desemba 2010, zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 isiyopozwa kwa maji. Joto la Arizona, Marekani, likaichosha mapema, na mwaka 2012 wateja wakaja juu. Nissan ikabadili kemikali. Toleo la 2015 likaja na betri inayohimili joto zaidi. Kupoza kwa maji kumekuja na kizazi cha tatu, kilichoonyeshwa 2025.

Jua la Moshi nalo si mchezo. Kabla hujatoa hela, hesabu vimistari vya afya ya betri kwenye dashibodi: betri mpya ina 12. Vikipungua, na safari inafupika.