Binti Akikosa Mwezi

Baba na mama wa kambini, habari hii wengine mtaona haya kuisoma mbele ya watoto. Isomeni hata hivyo. Wako wasichana wanaopigwa na kufukuzwa nyumbani kwa sababu mwezi umechelewa, kumbe hawana mimba. Wengine wanayo, na kwa kuogopa fimbo wanaificha mpaka hatari imewafikia.

Kwanza kuhesabu. Tunahesabu tangu siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa msichana zinaweza kuwa siku 21 hata 45, na katika miaka miwili mitatu ya mwanzo mwezi wake hurukaruka. Huo si ugonjwa. Atie alama katika daftari. Mganga atalipenda daftari hilo kuliko maneno mengi.

Mpelekeni kituo cha afya kama amefika miaka 15 bila kuona mwezi hata mara moja, au ana miaka 13 na matiti hayajaanza kuota. Kama alikuwa akiona vizuri, kisha miezi 3 imepita bure, mpelekeni pia. Lakini akiwa amekutana na mwanaume, msingoje miezi 3: mwezi ukichelewa wiki moja, apimwe mkojo. Na aliyeshikwa kwa nguvu asingoje mwezi kabisa. Afike kabla ya saa 72 kupita, maana ziko dawa za kuzuia mimba na ukimwi.

Mwezi umekosekana, na tumbo la chini linauma sana, au anazimia? Hospitali siku ile ile, hata usiku, hata kwa pikipiki ya kukopa. Huenda mimba imeshika nje ya kizazi, na damu inamwagika ndani.

Mimba siyo sababu pekee. Msichana anayebeba mizigo au kutwanga mawe kutwa nzima kwenye machimbo, na jioni anakula bukari kidogo bila mboga, mwili wake unaweza kufunga mwezi ili kujiponya. Kifua kikuu, huzuni kubwa, kukimbia vita, uvimbe wa tezi ya shingo, hata sindano ya kupanga uzazi, vyote vyaweza kuuzuia. Yuko pia yule anayeumwa tumbo kila mwezi na damu haitoki. Watu husema amelogwa. Mara nyingine njia imezibwa na ngozi nyembamba tu, damu inajaa ndani. Mganga huifungua kwa upasuaji mdogo.

Mizizi ya «kuteremsha mwezi» na vidonge vingi vya kinini, hapana. Vinaweza kuua mama na binti asiye na mimba vilevile.

Anzeni kituo cha karibu, mwuguzi atawapa barua ya hospitali ikihitajika. Watu wa Kasongo wanaijua njia hiyo tangu mradi wa afya ulioanza mwaka 1971 pamoja na Chuo cha Dawa za Kitropiki cha Antwerp: kituo karibu na watu, hospitali nyuma yake. Wa Kabambare, njia ni mbaya wakati wa mvua, ondokeni mapema.

Mama aingie pamoja na binti. Kisha atoke kidogo, amwache na mwuguzi. Liko neno ambalo mtoto hawezi kulisema mbele ya mama yake, na baba asilidai mlangoni.