Kavumu: Turu ya zamani inaweza kufufuka, lakini kwanza ikaguliwe reli zake

KAVUMU – Mhimili wa mashine ya kusaga muhogo ukilika pale unapokaa beringi, kazi yote inasimama. Kama hakuna turu karibu, kipande kinafunguliwa, kinapanda gari hadi Bukavu, kilomita zipatazo 30, na mwenye mashine anangoja zamu yake. Ndiyo sababu fundi mwenye karakana ndogo katika parsele yake anatamani turu, yaani mashine ya kukereza vyuma. Mpya ni ghali mno. Ya zamani inaweza kununulika, na hapo ndipo hatari inapoanza, hasa kwa kuwa tangu benki za Goma na Bukavu zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, kununua kwa mkopo kumekuwa kugumu. Akiba ya miaka inaishia kwenye chuma kimoja.

Turu za zamani kama Mondiale ya Ubelgiji, Cazeneuve ya Ufaransa au Colchester ya Uingereza zina mwili mzito wa chuma cha fonte. Kutu na rangi iliyobanduka havipaswi kumtisha mnunuzi. Kutu ya juu inatoka kwa mafuta ya taa, brashi na subira. Rangi mpya ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, maana inaweza kuficha ufa.

Kinachoua turu ni kulika kwa reli ambazo kibebea kisu hutembea juu yake. Karibu kila kazi hufanyika upande wa mandreni, kile kichwa chenye meno kinachobana kipande, kwa hiyo reli hulika upande huo kwanza. Jaribio lake halihitaji kifaa: kibebea kisu kikazwe kidogo kikiwa karibu na mandreni, mpaka kiteleze bila kucheza, kisha kisukumwe hadi mwisho wa pili. Kikikwama njiani, reli zimelika, na kuzinyoosha upya ni kazi ya kiwanda. Baada ya hapo, kipande cha mti kiwekwe chini ya mandreni na kuinuliwa kwa nguvu. Mhimili mkuu ukicheza, beringi zake zimechoka. Zile zinazoulizwa madukani kwa jina la "roulement" zinaweza kubadilishwa. Za shaba zinahitaji fundi anayejua.

Halafu yahesabiwe magurudumu ya meno. Turu nyingi za Uingereza na Marekani zilikata nyuzi za bolti kwa inchi, wakati bolti za pikipiki zinazotembea Kavumu ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na hesabu hiyo inahitaji gurudumu lenye meno 127. Muuzaji asiyekuwa nalo anauza turu ambayo haitakata sawasawa nyuzi za milimita. Bei ishuke hapo hapo.

Kuisafirisha ni shughuli. Turu ya karakana ina uzito wa mamia ya kilo, nyingine hupita tani moja, na uzito mwingi uko juu, upande wa mandreni. Inapinduka kwa urahisi. Mota na kichwa cha nyuma vifunguliwe kwanza, na isiinuliwe hata siku moja kwa kufunga kamba kwenye skrubu yake ndefu: ikipinda, nyuzi zote zitakazokatwa zitakuwa za uongo.

Umeme ndio unaokwamisha wengi. Turu hizi zilijengwa kwa umeme wa nyaya tatu, wa volti 380, na nyumba nyingi zina volti 220 za kawaida. Kibao cha mota ndicho kinachoamua. Kikiandikwa 220/380, mota inaweza kufungwa kwa mtindo wa pembetatu na kulishwa na varieta, chombo kinachopokea umeme wa nyumbani na kutoa wa nyaya tatu. Varieta iunganishwe moja kwa moja na mota. Swichi ya zamani ya turu isikate umeme kati yake. Kikiandikwa 380/660, varieta ya volti 220 haitafaa. Njia rahisi basi ni kufunga mota nyingine ya umeme wa nyumbani, kwa mkanda. Umeme ukishuka jioni, mota inapata joto na kuungua, kwa hiyo kinga ya kuikata si anasa.

Turu ikishasimama kwenye saruji, kazi haijaisha. Miguu isipokaa sawa, mwili wa fonte unajipinda kidogo usiyoonekana kwa jicho. Fimbo nene ya chuma ibanwe kwenye mandreni peke yake, ikerezwe sehemu mbili zilizo mbali bila kugusa mpangilio wa kisu, kisha ipimwe. Tofauti ikizidi sehemu mbili za mia za milimita, vibati vyembamba viwekwe chini ya mguu hadi ipungue. Kazi hii inaweza kula siku nzima.

Kwa visu, mashine ya mwendo wa polepole inapenda vile vya chuma kigumu vinavyonolewa kwenye jiwe, kuliko vya kununua vyenye ncha za kubadilisha. Fimbo ya chuma laini ya milimita 30 inataka mizunguko kama 300 kwa dakika. Glovu zivuliwe, mikono mirefu ikunjwe, ufunguo wa mandreni usiachwe mahali pake hata sekunde moja. Mashine haimwachi mtu iliyemshika.

Turu iliyofika salama hapo huanza kujihudumia: pete za shaba, pini na vishikio vilivyopotea vinakerezwa juu yake yenyewe, kabla ya mhimili wa kwanza wa jirani kuletwa mlangoni.